Siku Uliyoniambia Umevuja

Sechelela mwanangu,

Salamu naziacha, maana umelala chumba cha pili na tangu niwashe taa nimekusikia ukijigeuza. Juzi ulisema mtoto anakukataza ubavu wa kulia. Lala wa kushoto, ndiyo hali.

Habari za nguo, dawa za kuongeza damu na kadi ya kliniki tumezimaliza, sitazirudia. Huko unakokwenda na mama mkwe wako simu haishiki mtandao, na hata kama ingeshika, haya nisingeweza kuyasema kwa simu. Mdomoni yamenikataa miaka yote. Leo mchana yametoka kidogo, kwa mtu mwingine, na nitakueleza jinsi yalivyotoka. Ndipo nikaona si haki wewe uwe wa mwisho kuyajua. Barua utaikuta ndani ya kitenge cha bluu. Isome ukishafika na kupumzika, usiisome ndani ya basi.

Kuna siku nilikupiga kofi. Najua hujalisahau kwa sababu hujawahi kulitaja. Ulikuwa kidato cha nne, ukaja nyumbani mchana, siku ambayo ulitakiwa uwe ndani ya chumba cha mtihani wa moko, ule wa majaribio. Nilikuwa uani nimeinama nachambua mlenda, nimekupa mgongo. Ulikuwa unahema kwa kukimbia, hata kuniamkia ukasahau. Ulisimama nyuma yangu ukasema, "Mama, umevuja."

Niliacha mboga nikashika nyuma ya gauni langu. Lilikuwa kavu. Nikalishika tena. Halafu nikageuka nikakupiga.

Ulishika shavu ukaniangalia. "Mtihani, mama," ukasema. "Mtihani umevuja. Wameufuta, wameturudisha wote nyumbani."

Nikasema, "Haya, ingia ndani ule." Hayo tu. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya mtihani, kwamba labda nimekushuku na wewe uliuona kabla. Nilikuacha udhani hivyo.

Jioni yake ulikuja kukaa karibu yangu na daftari lako la Kiingereza. Ulikuwa mtoto usiyependa kulala na ugomvi. Ukaniambia mwalimu wenu amewapa neno hilo hilo la siku, kwamba kwa Waingereza ni neno moja tu, liki, na lina kazi nyingi. Paa likivuja ni liki. Bomba ni liki. Siri ikimtoka mtu ambaye hakutakiwa kuisema, nayo ni liki. Mtihani, likeji. "Hata wavulana," ukasema, "wakitaka kwenda kukojoa wanasema wanakwenda kufanya liki." Ukacheka ili na mimi nicheke. Nikainuka nikasema naenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wamelala, nilisimama tu pale nje mpaka nikasikia umeingia ndani.

Mguu wangu huu ninaouburuza nilikuambia niliumwa na nyoka. Sikuumwa na nyoka. Kovu la tumboni nilikuambia ni la ngiri. Si la ngiri. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini huna mdogo wako, nikakuambia Mungu hakupenda. Mungu sijui alipenda nini, ila mimi ndiye niliyekataa.

Nilizaliwa Kintinku, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba niliolewa huko huko kabla ya kumfahamu baba yako. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sijatimiza hata miaka kumi na saba. Mume wangu aliitwa Nhonya. Alikuwa na ng'ombe wachache na shamba la uwele, na nyumba yetu ilikuwa tembe ya paa bapa la udongo iliyojengwa na baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sikumpenda wala sikumchukia siku naolewa, nilikuwa mtoto, lakini kabla mwaka haujaisha nilikuwa nasikia hatua zake akirudi malishoni na moyo unatulia.

Ilikuwa imeanza miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kupata sabuni na sukari, na mitumba ikaanza kuja mnadani kwa marobota. Nilipopata mimba, Nhonya alininunulia gauni la mitumba lenye maua makubwa, pana kiunoni, akasema hilo litanitosha mpaka mwisho.

Uchungu ulinianza asubuhi. Wanawake wa pale nyumbani walikuja kukaa na mimi, mama mkwe na wengine wawili. Sikulia. Walikuwa wakisema, "Huyu ana moyo," na mimi nikajisikia vizuri kusemwa hivyo, kwa sababu nilikuwa mgeni kwao na hakuna kitu kingine walichowahi kunisifia. Jua lilipozama Nhonya alikuja mlangoni akauliza kama atafute gari la kwenda Manyoni. Mama yake akanitazama mimi. Nikasema, "Bado, naweza."

Nataka ulielewe hapo, Seche. Hawakunizuia. Watu wakisimulia mambo haya husema walizuiwa, na wengi ni kweli wamezuiwa. Mimi niliulizwa, nikajibu mwenyewe. Kulipokucha aliuliza tena nikajibu vile vile, nikiwa sijisikii vizuri tena kichwani, nasikia sauti yangu kama inatoka chumba kingine. Mara ya tatu hakuuliza. Aliniweka kwenye kitanda cha kamba, yeye na kaka yake wakanibeba mpaka barabarani.

Gari lililosimama lilikuwa lori la wachuuzi waliokuwa wanarudi kutoka mnadani. Walinilaza juu ya marobota ya mitumba. Njiani tenki la mafuta likaanza kuvuja, harufu ya dizeli ikatufikia juu. Dereva akasimamisha gari. Utingo akashuka na kipande cha sabuni ya mche, akakiloweka kwa mate na kukikandamiza pale penye ufa. Nilimsikia akisema, "Hii itatufikisha." Ikatufikisha. Mambo hayo madogo ndiyo yaliyobaki wazi kichwani. Uchungu wenyewe siukumbuki, na sura ya mtoto siikumbuki kwa sababu sikuonyeshwa. Alikuwa wa kiume. Alikuwa amekufa kabla hatujaondoka nyumbani, ndivyo nesi alivyosema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote.

Waliniwekea mpira wa mkojo, wakautoa baada ya siku kadhaa. Kitanda kikalowa. Nikadhani nimelala sana. Kesho yake kikalowa nikiwa macho, nimekaa, naangalia ukuta. Nilikuwa sibanwi wala sijisikii kitu, maji yanatoka tu. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni pa kutokea muda mrefu mno akabana nyama mpaka ikafa, pakabaki tundu. Hilo nilielezwa baadaye sana. Wakati ule niliambiwa pengine pataziba penyewe. Mguu wa kulia nao ulikuwa umekufa ganzi, naugusa kama nagusa mguu wa mtu mwingine. Hata leo uko hivyo hivyo, ndiyo maana ndala ya upande huo hunivuka bila mimi kujua na wewe huiokota nyuma yangu.

Tulirudi Kintinku. Tulikuwa tunalala juu ya ngozi ya ng'ombe, na kila asubuhi ngozi ilikuwa imelowa. Nhonya aliichukua kabla watu hawajaamka, akaimwagia maji na majivu, akaipandisha juu ya paa la tembe ikauke. Majirani walipouliza akasema, "Natengeneza ngozi ya kuuza." Walimwamini kwa muda. Nilichana lile gauni la maua vipande vipande, nikawa nafunga na kufua, nafunga na kufua. Yeye ndiye aliyekuwa akichota maji, mwanamume, anakwenda kwenye visima vya mchangani na punda pamoja na wanawake. Walimcheka. Sijui kama alijali, hakusema.

Nikagundua nisipokunywa maji navuja kidogo. Nikaacha kunywa. Midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani. Jioni moja alikaa mbele yangu na kata ya maji.

"Kunywa," akasema.

"Nikinywa nitavuja."

"Najua. Kunywa. Utavuja, tutafua."

Nikanywa. Sikulia wala sikumshukuru. Nataka kukuambia nilijisikiaje lakini sikujisikia chochote, na hilo ndilo lililoendelea kwa miaka. Watu wanafikiri mtu mwenye shida kama ile hulia usiku kucha. Mimi nilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemwambia, dada yangu wa kuzaliwa. Nilimwambia kwa sababu aliniuliza mbona nimeacha kumtembelea. Alilia sana kwa niaba yangu. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma karibu na mlango kama nilivyokuwa nikifanya. Ulipofika wakati wa watu kutaja haja zao ili ziombewe, dada yangu akasimama mbele ya wote akasema, "Naomba tumwombee mdogo wangu aliyepo hapa, anavuja mkojo tangu alipojifungua." Watu wote wakageuka nyuma, halafu wakafumba macho kuniombea.

Alifanya kwa upendo, nasema hivyo mpaka leo. Tangu siku hiyo sikuwahi kumwona mtu aliyenikaribia bila kuvuta pumzi kwanza. Wengine waliendelea kunisalimia, tena kwa sauti kubwa kuliko zamani, wakiwa wamesimama mbali. Awe dada, awe rafiki, awe mwalimu, hao wote wanaweza kukutoa nje ya mlango huku wanakuombea. Usiache kuwaambia watu mambo yako. Mimi niliacha, nikapata hasara kubwa kuliko ile ya kanisani. Lakini umwambie mtu pia unachotaka ayafanyie maneno hayo. Mimi sikumwambia dada yangu anyamaze. Nilidhani anajua.

Baada ya hapo niliondoka. Nhonya alikuwa amepeleka ng'ombe majini. Nilifua ngozi, nikaianika mwenyewe juu ya paa, mara yangu ya kwanza kuianika, nikachukua vitambaa vyangu nikaenda stesheni. Ndani ya treni sikuingia behewani kukaa na watu. Nilisimama pale mlangoni kati ya mabehewa ambako upepo unapita, mpaka Manyoni, na kutoka Manyoni nikapanda nyuma ya lori mpaka huku Ikungi kwa mama yangu mdogo, yule bibi yako uliyemzika ukiwa darasa la pili.

Kwa nini niliondoka? Hakunifukuza, hata kwa jicho. Nimejiuliza sana, na jibu ninalolipata kila mara silipendi. Nilimwona akizeeka. Nikasema moyoni, huyu kijana atazeeka anafua ngozi, basi nimpumzishe. Nilijiona nafanya jambo jema. Wala halikuniuma. Nilitembea kwenda stesheni kama mtu anayekwenda kusaga.

Mama mdogo alinipa chumba cha nyuma na kazi ya kupepeta. Wakati huo wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja kununua alizeti moja kwa moja kwa wakulima, ushirika umelala, na mama mdogo alikuwa anakusanya magunia na kuwauzia. Mimi napepeta, navuja, nafua. Hakuniuliza lini nitarudi. Chakula aliniletea mlangoni. Miaka ikapita hivyo, nami sikuihesabu.

Siku moja ya mnada alikuja mwanamke kununua mbegu. Alikuwa nesi, ila hakuvaa sare. Alisimama karibu yangu akichagua, akavuta hewa, akaniangalia usoni. Akauliza, "Dada, unavuja?"

Aliuliza kama anavyouliza mtu, hii alizeti ni ya mwaka huu? Nikajibu, "Ndiyo."

"Tangu lini? Ulipojifungua?"

"Ndiyo."

"Inashonwa hiyo," akasema, akaendelea kuchagua mbegu. "Kuna hospitali ya misheni, madaktari wanakuja mara moja moja. Nitakuja kukuchukua."

Sikumwamini, wala sikukataa. Alikuja kweli, akanichukua.

Wodi ile ilikuwa ya wanawake kama mimi tu. Nilifika mlangoni nikasikia kicheko. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anawasimulia jinsi alivyompa mkwewe kiti chake alichotoka kukikalia. Wote wanacheka, nguo zimelowa. Nilikaa kitandani kwangu, sikucheka. Lakini nilisogea kidogo ili nisikie mwisho.

Nilishonwa. Kila asubuhi daktari Mzungu alipopita alisema neno lile lile moja kwa kila kitanda, na nesi akawa anatutafsiria, "Bado unavuja?" Kwa hiyo ulipoleta lile neno lako la Kiingereza, Seche, mimi nilikuwa nalijua. Ni neno pekee la Kiingereza nililolijua vizuri maishani. Mara ya kwanza nilijibu ndiyo. Wakanirudisha tena chumba cha upasuaji. Mara ya pili, walipotoa mpira, niliamka nikapapasa shuka. Kavu. Nikakaa na mkono pale juu ya shuka mpaka chai ikapoa. Nesi alidhani nina homa. Furaha niliisubiri, nikasema itakuja. Haikuja siku ile wala wiki ile. Ilikuwa kama ule mguu, ukaambiwa utembee, ukatembea, lakini ganzi ikabaki.

Nilikwenda Kintinku. Nilimkuta Nhonya mnadani, anauza mbuzi, amembeba mtoto mabegani. Pembeni yake alikuwa mwanamke mwenye sura nzuri, anapima mtama. Aliniona, akanijia.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Umepona?"

"Nimepona."

Alitikisa kichwa taratibu, mtoto amemshika masikio. "Nilikutafuta mpaka Manyoni," akasema. "Ikungi sikujua." Nikadhani amemaliza. Akasema, "Ungeniuliza. Ungeniuliza tu kama nimechoka."

Mke wake akamwita, akaenda. Nami nikarudi stesheni. Hilo neno lake ndilo ninalokupa, kama kuna kitu katika barua hii cha kubeba. Unakwenda kuishi na watu. Utaona nyuso zao, utazisoma, utadhani umezielewa. Utasema huyu amechoka na mimi, yule hanitaki. Uliza kwanza. Mimi nilimwamulia mtu jambo lake nikiliita huruma, na mtu yule alikuwa na jibu lake tayari, hakuna aliyekwenda kulichukua.

Baba yako nilimwambia mapema. Alikuwa na kibanda chake cha baiskeli pale sokoni, akaanza kuja kunisalimia, halafu akasema anataka kunioa. Watu walisema Mwislamu na Mkristo, mtafungia wapi? Tukafunga bomani. Lakini kabla ya hapo nilikwenda kibandani kwake nikamweleza yote, nimesimama, sikutaka kukaa. Alikuwa anazamisha tyubu kwenye beseni. Aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu, "Inauma?"

Nikasema, "Siku hizi haiumi."

"Basi," akasema, akaendelea na tyubu yake. Huyo ndiye baba yako. Umekuwa ukimwona ni mtu asiye na maneno. Sasa ujue nilimchagua kwa hilo.

Wewe ulitoka kwa kisu. Hospitalini walikuwa wameniambia nikishika mimba nisingoje uchungu, niende mapema, kwa hiyo nilikaa Manyoni kwa ndugu za baba yako mpaka siku yenyewe. Ulilia kwa nguvu. Waliponipa nikakushika, na hapo ndipo kitu kiliporudi. Si chote. Nilisikia uzito wako hapa mkononi, nikajua ni uzito. Baada yako sikutaka tena. Baba yako alisema sawa.

Unanijua mimi si mama wa kukumbatia. Nimekuona ukiwaangalia mama za wenzako wakiwabusu watoto wao kituo cha basi. Nilikufulia, nikakulisha, nikakusomesha, nikakupiga kofi lile moja. Kama uliona mkono wangu mgumu, si wewe uliyeufanya mgumu. Uliukuta hivyo.

Sasa habari ya leo.

Mama Daudi, mama mkwe wako, alipokuja kukuchukua, nilijua ni desturi yao kwamba mtoto wa kwanza azaliwe kwa mama mkwe. Najua pia kuwa yeye ni mkunga, na mkoa mzima wa kule kwao anaheshimika. Siku zote hizi amekuwa akikaa hapa nimemtazama mikono yake. Ni mikono mizuri. Lakini kutoka kwake mpaka barabara ya Itigi ni mbali, ulisema mwenyewe, pori tupu na mizinga ya nyuki. Nilimwambia baba yako aseme naye. Baba yako akasema, "Hilo si la kwangu, la kwako."

Mchana ulipokwenda kuaga walimu wako wa zamani tulikuwa uani tunapepeta uwele, yeye na ungo wake na mimi na wangu. Nikasema, "Mama Daudi, kuna jambo nataka ulijue kabla hujamchukua mwanangu."

"Sema, Mama Seche."

Nikamwambia. Si kwa urefu huu. Nilimwambia uchungu ulivyochelewa, mtoto alivyokufa, nilivyovuja, nilivyoshonwa. Nikamwambia kwamba wewe una nyonga kama zangu. Aliendelea kupepeta muda wote, nikadhani nimemkosea heshima, namfundisha kazi yake. Halafu ungo ukasimama.

"Ukashonwa," akasema.

"Nikashonwa."

"Kwa hiyo inashonwa."

Hakuwa ananiuliza. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.

"Mdogo wangu Kabula yuko hivyo," akasema. "Tangu Daudi akiwa ananyonya. Mimi ndiye niliyemzalisha."

Nikauliza, "Yuko hai?"

"Yuko. Tulimjengea kibanda upande wa mizinga. Chakula nampelekea mwenyewe. Watoto tumewakataza kwenda." Akautazama ungo wake. "Nilidhani ni mkono wangu ulioharibu, Mama Seche. Sikujua kama kuna mahali pa kumpeleka. Nilidhani namficha aibu, kumbe namficha daktari."

Hakulia, na mimi sikulia. Tulikaa hapo wanawake wawili na nyungo zetu kama watu waliotoka safari ndefu. Halafu akasema tumbo lako likiingia mwezi wa nane Daudi atakuleta Itigi, mtapanga chumba karibu na hospitali, na yeye atakuja kukaa nawe. Alisema bila mimi kuomba. Hatakuzalisha yeye. Kwa hiyo jambo lako limekwisha, sikuandikii kwa sababu ya hilo.

Nakuandikia kwa sababu ya Kabula. Nilimwambia Mama Daudi, "Basi siku hiyo aje naye." Akatikisa kichwa. "Hatakubali. Namfahamu. Hatapanda gari na watu." Nikamwambia, "Mimi niko mbali, hatanisikia, na wewe pengine hatakusikia kwa sababu wewe ndiye unayempelekea chakula. Labda Seche."

Sijui kama nimefanya vizuri kukutaja. Una mimba, utakuwa mgeni, una mambo yako. Ukiona huwezi, acha, sitakuuliza neno. Lakini kama unaweza, ukishapumzika, mwombe Mama Daudi akuonyeshe njia ya mizinga. Nenda peke yako. Mwamkie shikamoo kabla hujamkaribia, aisikie sauti yako. Akikupa kigoda kaa, usikipanguse. Pumua kama kawaida. Mwulize habari za kuku wake, maana nimeambiwa anafuga. Halafu mwambie kwamba mama yako alivuja na akashonwa, mwambie nimekutuma useme hivyo, jina langu litaje. Umwambie mtapanda basi pamoja, viti vya nyuma karibu na dirisha, na wewe utakaa upande wa watu.

Akikataa, umuage vizuri urudi nyumbani. Kesho yake nenda tena umuulize.

Mimi mama yako,
hapa Ikungi, taa inazimika.